UZI: Hati, vijiti na mahakama: jinsi wafalme wa Uingereza walivyojenga utawala wao baada ya 1066

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam.

Kila mwaka ninapoanza kufundisha historia ya Ulaya ya Zama za Kati, huwauliza wanafunzi swali moja: mfalme aliwezaje kuwa na nguvu kuliko makabaila wake? Jibu linalotangulia huwa ni jeshi. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu katika karne ya 11 na ya 12 kila kabaila mkubwa alikuwa na ngome yake, askari wake wa farasi na mahakama yake. Upanga haukuwa mali ya mfalme peke yake. Nimeona nilete uzi huu nieleze ninavyolielewa jambo lenyewe, nikitumia Uingereza kwa kuwa kumbukumbu zake za maandishi zimesalia nyingi kuliko za nchi nyingine nyingi za wakati ule. Hoja yangu ni kwamba mfalme aliwapiku makabaila pale watu waliokuwa chini ya makabaila hao walipoanza kumhitaji yeye.

William wa Normandy alipoishinda Uingereza mwaka 1066, aliwagawia wafuasi wake ardhi kwa sharti la utii na askari, nao wakawagawia walio chini yao kwa sharti hilohilo. Kwa maelezo mfumo huo unapendeza, kwa maana ardhi yote hatimaye ni ya mfalme. Kwa vitendo, askari wa ngazi ya chini alimjua bwana aliyempa shamba, na mfalme alimsikia tu kwa jina. William aliiona hatari hiyo. Mwezi Agosti 1086 aliwakusanya Salisbury wenye ardhi wote wenye uzito, wakiwemo walioshika ardhi chini ya mabwana wengine, wakamwapia yeye mwenyewe.

Miezi michache kabla ya kiapo hicho, Krismasi ya 1085 akiwa Gloucester, aliamuru nchi ikaguliwe. Makamishna walikwenda kila upande wakiuliza: shamba hili lilikuwa la nani siku za Mfalme Edward, yaani kabla ya uvamizi, sasa ni la nani, lina majembe mangapi ya kukokotwa na ng'ombe, vinu vingapi, watu wangapi, lilikuwa na thamani gani zamani na lina thamani gani leo? Majibu ya mahali zaidi ya 13,000 yaliandikwa, na watu wakakiita kitabu hicho Domesday, yaani cha Siku ya Hukumu, kwa kuwa hukumu yake haikukatiwa rufaa. Mwandishi mmoja Mwingereza wa wakati huo alilalamika kwamba hata ng'ombe mmoja au nguruwe mmoja hakuachwa bila kuandikwa. Uchungu wake unaeleweka. Mtu anayejua una ng'ombe wangapi ameshaingia zizini kwako hata kama hajafungua mlango.

Sasa nije kwenye kitu ambacho, kwa maoni yangu, kilifanya kazi kubwa kuliko ngome zote za William, nacho ni Hazina.

Kila kaunti ilikuwa na mwakilishi wa mfalme aliyeitwa sheriff. Huyu alikusanya mapato ya mfalme, na mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli mwishoni mwa Septemba, aliitwa kutoa hesabu. Pasaka alileta sehemu ya fedha, na Septemba hesabu ya mwaka mzima ikafungwa. Mhazini Richard FitzNeal, aliyehudumu chini ya Henry II, ametuachia maelezo ya kikao hicho kwa undani wa ajabu. Meza ilikuwa na urefu wa futi 10 hivi na upana wa futi 5, imezungushiwa ukingo wenye kimo cha vidole vinne ili kitu kisidondoke. Juu yake ilitandikwa nguo nyeusi iliyochorwa mistari kama ubao wa kuchezea sataranji, na jina la Hazina kwa lugha yao lilitokana na nguo hiyo. Safu moja ilikuwa ya peni, nyingine ya shilingi, nyingine ya pauni, kisha ishirini, mamia na maelfu. Upande mmoja vilipangwa vibao kuonyesha kile sheriff anachodaiwa, na chini yake vingine kuonyesha alicholeta. Tofauti ilionekana kwa macho. Sheriff asiyejua kusoma, na wa namna hiyo walikuwepo, hakuweza kusema kwamba makarani wamemchanganya.

Stakabadhi nazo zilikuwa vijiti. Kijiti kilikatwa alama kwa kipimo kinachojulikana: pauni elfu moja ilikuwa mkato mpana kama unene wa kiganja, mia moja kama dole gumba, ishirini kama kidole cha mwisho, pauni moja kama punje ya shayiri iliyokomaa. Shilingi ilikuwa nyembamba kuliko hapo, na peni ilikuwa mchoro wa kisu tu usioondoa mti. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, nusu ikabaki Hazina, nusu akapewa mlipaji. Siku ya hesabu nusu mbili zilikutanishwa. Aliyeongeza mkato kwenye nusu yake aliumbuka papo hapo, kwa sababu nusu ya pili haikuwa nao.

Fedha zenyewe zilipimwa pia. Zilichukuliwa peni 240, yaani pauni moja, zikayeyushwa mbele ya watu ili uchafu utoke, na fedha iliyobaki ikawekwa kwenye mizani. Ikipungua, sheriff aliongeza peni hadi mizani isawazike, na pauni zake nyingine zilikatwa kwa kiwango hichohicho. Matokeo ya kikao kizima yaliandikwa kwenye ngozi za kondoo na kuviringishwa. Kumbukumbu ya kwanza ya aina hiyo iliyosalia ni ya mwaka 1130, enzi ya Henry I, na kuanzia enzi ya Henry II zinafuatana mwaka baada ya mwaka karibu bila pengo.

Tafakarini maana yake. Sheriff wa kaunti ya mbali, mtu mwenye ngome na farasi, anaitwa mbele ya meza, anasimama kama mtoto anayeulizwa chenji ya dukani, na deni ambalo hakulilipa mwaka huu anakutana nalo mwaka ujao, na likibaki linamfuata mwanawe.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante mkuu kwa uzi huu. Nina swali. Kama Hazina ilikuwapo tangu Henry I, mbona alipokufa mwaka 1135 nchi iliingia kwenye vita vya miaka karibu ishirini kati ya Stephen na Matilda waliokigombea kiti chake, na kila kabaila akajijengea ngome alipotaka? Hii haionyeshi kwamba hatimaye ni upanga tu?

Mleta mada

Ndugu, swali lako ni la haki, na linanisaidia kufika nilikokuwa nakwenda. Hazina ilimwezesha mfalme kuwabana maofisa wake. Haikumpa sababu mkulima huru wa kijijini kumtakia mfalme heri. Mambo yalipoharibika, mkulima huyo hakuwa na cha kupoteza kwa mfalme kudhoofika, au hakukijua. Miaka ile ikamfundisha. Jirani mwenye nguvu alikuja na watu wake, akamtoa shambani, naye akabaki hana pa kulalamika isipokuwa kwenye mahakama ya bwana yuleyule ambaye pengine ndiye aliyewatuma.

Henry II alitawazwa Desemba 1154 akiwa na umri wa miaka 21. Alibomoa ngome zilizojengwa bila kibali, kama ilivyotarajiwa. Lakini hatua iliyodumu ni ile iliyohusu shamba la mtu. Aliweka utaratibu kwamba mtu huru aliyenyang'anywa ardhi hivi karibuni angeweza kununua hati fupi ya mfalme, kwa bei ndogo, inayomwelekeza sheriff achague watu 12 huru na waaminifu wa eneo lile, waende kulitazama shamba lenyewe kwa macho, kisha wafike mbele ya majaji wa mfalme wajibu swali moja: je, fulani amemwondoa fulani shambani mwake bila haki na bila hukumu? Wakisema ndiyo, anarudishiwa. Mshtakiwa asipofika, kesi inaendelea bila yeye.

Uzuri wa utaratibu huo uko kwenye udogo wa swali. Majaji hawakuanza kuchambua nani ana haki ya asili tangu enzi za babu wa babu, jambo ambalo lingechukua miaka na pengine kuishia kwenye pambano la fimbo na ngao. Waliuliza tu nani alikuwa shambani na nani amemtoa. Anayedai haki ya ndani zaidi alipaswa kurudisha shamba kwanza, ndipo afungue kesi nyingine. Mwaka 1176 ukaongezwa utaratibu wa mrithi: baba akifa akiwa na shamba, bwana wa juu hawezi kumzuia mwana asirithi kwa kisingizio chochote, na watu 12 wataulizwa kama marehemu alikuwa nalo siku aliyokufa na kama huyu ndiye mrithi wake wa karibu.

Kesi hizi zilimshtaki nani mara nyingi? Bwana wa juu. Hapo ndipo kabaila alipoanza kupoteza, taratibu na bila kelele. Mahakama yake ilibaki wazi, lakini wapangaji wake walianza kupita mlangoni bila kuingia.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, hapa naona unampamba Henry. Unataka tuamini kwamba alikuwa mtetezi wa wanyonge?

Mleta mada

La hasha. Mnyonge hasa, yaani mtwana aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake, hakuruhusiwa kutumia hati hizi kabisa. Utaratibu ulikuwa wa watu huru, na katika vijiji vingi sehemu kubwa ya watu hawakuwa huru. Mtwana akilalamika, jibu la bwana lilikuwa fupi: huyu ni wangu. Kesi ikaisha.

Wala Henry hakuwa akitoa haki bure. Hati ililipiwa, faini zililipwa, na mali ya mhalifu aliyetiwa hatiani ilikwenda kwa mfalme. Mwaka 1166, kwa amri aliyoitoa Clarendon, kila kijiji kiliwakilishwa na watu wanne, na kila kundi la vijiji na watu 12, waapishwe na kuwataja watu wanaodhaniwa kuwa wauaji, wezi au wanyang'anyi. Waliotajwa walipelekwa kwenye kiapo cha maji. Mtu alifungwa kamba na kushushwa kwenye dimbwi lililobarikiwa na padri. Akizama, maji yamempokea na ni safi. Akielea, maji yamemkataa. Wenzetu wanaojua habari za viapo vya mwavi na shoka ya moto hawatashangaa sana. Mwaka 1176 nchi iligawanywa katika mizunguko sita, kila mmoja ukiwa na majaji watatu wa kuzunguka, nao walisikiliza kesi hizo huku wakikagua mapato ya mfalme kwa safari hiyohiyo. Haki na kodi zilipanda farasi mmoja.

Ila tokeo moja halikupangwa na mtu. Majaji walewale wakizunguka kaunti zote walianza kutoa uamuzi wa namna moja kwa kesi za namna moja, na desturi zilizotofautiana wilaya kwa wilaya zikaanza kufunikwa na sheria moja ya nchi nzima. Hiyo ndiyo mizizi ya sheria ambayo Waingereza waliibeba baadaye kwenye meli zao. Hata Kenya sheria inaitaja tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika tarehe 22 Julai 1920, kuwa tarehe ambazo sheria hiyo ya Uingereza ilipokewa. Sitaki kuuvutia uzi huku, nimetaja tu ili mwenye kusoma sheria ajue anasoma habari za kina nani.

Mchangiaji wa tatu

Na Kanisa je? Thomas Becket hakuuawa kwa sababu ya mambo haya haya ya mahakama?

Mleta mada

Ndiyo, na hapo Henry aligonga ukuta. Makasisi na makarani walihukumiwa na mahakama za Kanisa, ambazo hazikutoa adhabu ya kumwaga damu. Mwaka 1164 Henry alitaka karani atakayepatikana na hatia na kuvuliwa daraja asilindwe tena na Kanisa, ahukumiwe kama raia. Askofu Mkuu Becket, rafiki yake wa zamani, alikataa, akakimbilia Ufaransa, akarudi, na tarehe 29 Desemba 1170 askari wanne wa mfalme wakamuua ndani ya kanisa kuu la Canterbury. Mwaka 1174 Henry alitembea miguu mitupu hadi kaburini pake akachapwa viboko na watawa. Juu ya makarani akarudi nyuma. Juu ya mashamba hakurudi nyuma hata hatua moja, na mashamba ndiyo yaliyokuwa na kesi nyingi.

Kanisa lenyewe, bila kukusudia, lilimsukuma mfalme mbele. Mwaka 1215 mkutano mkuu wa Laterano uliwakataza mapadri kushiriki viapo vya maji na moto. Pasipo padri kiapo hakina maana, hivyo majaji wa Uingereza walijikuta na mahabusu na hawana njia ya kujua nani ana hatia. Wakayageukia yale majopo ya watu 12 waliyokwisha kuyazoea kwenye kesi za mashamba.

Mchangiaji wa nne

Mwaka huohuo 1215 ndio wa Magna Carta, ile hati ya kumwekea mfalme mipaka. Kama mfumo ulikuwa mzuri hivyo, kwa nini makabaila walimlazimisha Mfalme John aweke muhuri pale Runnymede?

Mleta mada

Kwa sababu mashine nzuri mikononi mwa mtu mbaya hubana vizuri vilevile. Kaka yake John, Richard, alitawala miaka kumi kuanzia 1189 na hakukaa Uingereza zaidi ya miezi sita hivi. Alipokamatwa akitoka kwenye Vita vya Msalaba, fidia ya marki 150,000 ilidaiwa, na sehemu kubwa yake ikakusanywa mfalme akiwa kifungoni ng'ambo. Huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba utawala ulikuwa umeshaacha kutegemea mwili wa mfalme kuwepo. John aliirithi mashine hiyo, akapoteza Normandy mwaka 1204, kisha akaikamua nchi miaka kumi kutafuta fedha za kuirudisha: kodi ya ngao kwa wasiokwenda vitani, faini za kupindukia, bei za juu kwa wajane na warithi. Julai 1214 washirika wake waliposhindwa kwenye vita vya Bouvines, fedha zote zikawa zimemwagwa mchangani.

Soma hati yenyewe lakini. Makabaila walitaka kodi ya ngao isitozwe bila ridhaa ya nchi, na faini ziwe na kiasi. Juu ya mahakama za mfalme hawakuomba zifungwe. Waliomba kesi za raia kwa raia zisikilizwe mahali maalumu badala ya kumfuata mfalme anakohamahama, na kesi za mashamba na urithi zisikilizwe kila kaunti mara nne kwa mwaka. Watu walioasi dhidi ya mfalme walikuwa wanadai mahakama zake ziongezwe! Kwangu hilo linamaliza ubishi juu ya kilichoshinda.

Mchangiaji wa tano

Ufaransa walifuata njia hiyohiyo?

Mleta mada

Walianzia chini sana. Hugh Capet alipochaguliwa mwaka 987, nguvu yake halisi ilikuwa kwenye ukanda wa Paris na Orléans tu, na wazao wake kwa miaka mingi walishindwa hata kusafiri salama mbele ya mabwana wa ngome za jirani. Walichokuwa nacho ni subira na watoto wa kiume: wengi wa wafalme wa mwanzo walimtawaza mwana angali baba hai, na baba akarithiwa na mwana bila kukatika hadi 1316.

Philip Augustus ndiye aliyegeuza mambo. Mwaka 1194 Richard alimvamia njiani huko Fréteval na kumpora mizigo, zikiwemo nyaraka za serikali alizokuwa akitembea nazo. Baada ya hapo kumbukumbu zikawekwa Paris. Kwenye mikoa aliweka maofisa wa mshahara, tofauti na mabwana waliorithi vyeo vyao, na mwaka 1204 alipoitwaa Normandy alipata pamoja nayo nchi iliyokwisha kuwa na Hazina yake. Mjukuu wake Louis IX alituma wakaguzi kuanzia 1247 kuwasikiliza raia wenye malalamiko dhidi ya maofisa hao, na mwaka 1254 akawakataza kupokea zawadi na kununua ardhi katika maeneo wanayoyatawala. Tofauti na Uingereza, kila mkoa ulibaki na sheria na desturi zake. Mfalme wa Ufaransa aliunganisha maofisa, hakuunganisha sheria.

Mchangiaji wa sita

Mkuu, malizia na Mfalme Edward I wa Uingereza. Nimesikia aliwadai makabaila waonyeshe hati za haki zao.

Mleta mada

Ndiyo. Alirudi kutoka vitani mwaka 1274, akatuma makamishna kuuliza kila eneo ni haki zipi za mfalme zimechukuliwa na nani. Kuanzia 1278 makabaila wenye mahakama zao, masoko yao au haki ya kunyonga wezi waliulizwa: kwa idhini gani? Wengi hawakuwa na karatasi, kwa sababu babu zao walipewa kwa neno la mdomo au walijitwalia tu. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 1290 wakafikia maafikiano kwamba anayeweza kuthibitisha kuwa familia yake imeitumia haki hiyo mfululizo tangu kutawazwa kwa Richard mwaka 1189 aachiwe. Wengi walibaki na walichokuwa nacho. Lakini sasa walikuwa nacho kwa kibali, na rekodi ya kibali ilikuwa kwa mfalme.

Ukitaka kupima kilichotokea katika karne hiyo kwa kitu kimoja cha kushika mkononi, tazama lakiri. Mwishoni mwa miaka ya 1220 ofisi ya waandishi wa mfalme ilitumia nta isiyofika ratili 4 kwa wiki kupigia muhuri barua na hati zake. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1260 ilitumia karibu ratili 32.

Mchangiaji wa kwanza

Vile vijiti vya Hazina vimesalia vingapi?

Mleta mada

Vimesalia vichache sana, ndugu yangu. Viliendelea kutumika hadi karne ya 19, vikajaa vyumba. Oktoba 1834 iliamuliwa vichomwe kwenye tanuri zilizo chini ya ukumbi wa Mabwana pale Westminster. Wafanyakazi walivitia kwa wingi mno, mabomba ya moshi yakashika moto, na usiku ule karibu jumba lote la Bunge likateketea. Ukumbi mkubwa uliojengwa na mwana wa William miaka ya 1090 ulinusurika. Mahakama za mfalme zilikuwa bado zinafanya kazi zake pale, na ziliendelea hadi 1882.